Mtarakwa wa Bermuda na Nasaba Yake

Jina ni jepesi kulitoa na zito kuliondoa. Mtu akifika katika nchi ngeni na kuona mti asioujua, hulitazama umbo lake, huzinusa mbao zake, kisha huuita kwa jina la mti mwingine anaoukumbuka. Pengine jina hilo huwa si lake, lakini likisha kukaa midomoni mwa watu huishi maisha marefu kuliko ya mtu aliyelitoa. Nataka, msomaji wangu, tufuatane katika habari ya mti mmoja wa namna hii. Mti huo uliota katika visiwa vya mbali vya Bahari ya Atlantiki, ukawapa watu nyumba, vyombo na riziki kwa zaidi ya miaka 300, kisha ukakaribia kutoweka katika muda wa miaka michache. Wenyeji wake huuita mwerezi. Ukweli ni kwamba si mwerezi hata kidogo. Ni mtarakwa, ndugu wa mtarakwa wetu wa milima ya Kenya.

Kwanza tuitenge miti hii miwili, maana asiyejua kutenga hawezi kujua. Mwerezi wa kweli ndio ule wa Lebanoni uliosifiwa tangu zamani za wafalme. Una ndugu zake katika Milima ya Atlas huko Afrika ya Kaskazini na katika Himalaya huko Asia. Majani yake ni kama sindano zilizokusanyika katika vichala, na tunda lake ni koni kubwa ngumu. Wanachuoni wa elimu ya mimea huuweka katika ukoo mmoja na msonobari. Mtarakwa ni wa ukoo mwingine, ukoo wa saipresi. Koni yake haiwi ngumu kama kuni, bali magamba yake hunona na kushikamana hata ikawa kijitunda cha mviringo, cha rangi ya buluu au nyeusi, ambacho ndege hupenda kukila. Miti hiyo miwili yafanana kwa jambo moja tu lililowadanganya wengi: mbao zake zina harufu nzuri na haziozi upesi. Kwa sababu ya harufu hiyo Wahispania, Wareno na Waingereza waliita karibu kila mtarakwa mkubwa waliouona ng'ambo kwa jina la mwerezi. Hata mtarakwa wa Kenya haukusalimika, kwani Waingereza waliuita mwerezi wa penseli, kwa kuwa mbao zake zilifaa sana kutengenezea penseli.

Sasa twende Bermuda. Bermuda ni kundi la visiwa vidogo vilivyo peke yake baharini, kiasi cha kilomita 1,000 mashariki ya pwani ya Marekani Kaskazini. Eneo lake lote ni kama kilomita za mraba 53, yaani kiasi cha mara nne tu ya kisiwa cha Mombasa. Visiwa hivi vilizaliwa kwa moto wa volkeno chini ya bahari, wala havikupata kuungana na bara. Basi kila mmea uliokuwako kabla ya watu ulifika kwa upepo, au kwa maji, au kwa ndege. Yadhaniwa kwamba babu wa mtarakwa wa Bermuda alifika ndani ya tumbo la ndege aliyekuwa amekula vijitunda vyake huko bara. Mbegu ikaanguka, ikaota, na vizazi vyake vikaishi peke yake kwa muda mrefu mno, hata vikaachana na ndugu zake wa bara na kuwa jinsi mbali. Mti huo ulienea visiwa vyote. Vilima vilikuwa kijani kwa mitarakwa kutoka ncha hata ncha.

Hapakuwa na binadamu aliyekaa huko. Mhispania Juan de Bermúdez alivipita visiwa hivyo mwanzoni mwa karne ya 16, navyo vikapewa jina lake. Lakini mabaharia waliviogopa kwa sababu ya miamba iliyovizunguka, wakaviita visiwa vya mashetani. Historia ya watu katika nchi hiyo yaanza hasa kwa ajali. Mwaka 1609 meli ya Kiingereza iliyoitwa Sea Venture ilikuwa safarini kuelekea Jamestown, katika koloni la Virginia. Ikakumbwa na tufani kali, ikavuja, na tarehe 28 Julai ikakwama juu ya miamba ya Bermuda. Watu wapatao 150 waliokuwamo waliokoka wote. Wakajikuta wako katika visiwa visivyo na mtu, vyenye nguruwe mwitu, ndege na kasa wengi, na mitarakwa isiyohesabika.

Tazama sasa, msomaji, jinsi mti ulivyowaokoa wanadamu. Wakuu wao, Sir Thomas Gates na Sir George Somers, waliamuru viundwe vyombo viwili. Mafundi wakakata mitarakwa, wakachonga mataruma na mbao za ubavuni, wakaziongezea mbao na kamba walizozitoa katika meli iliyovunjika. Chombo cha kwanza wakakiita Deliverance, maana yake Wokovu. Cha pili wakakiita Patience, maana yake Subira. Yasemekana kwamba katika hicho cha pili hamkutiwa chuma ila pini moja katika mkuku. Wakavitia kalafati kwa vitu vilivyopatikana, chokaa na mafuta ya kasa vikiwa miongoni mwake. Mwezi wa Mei 1610 wakatweka matanga na kufika Jamestown, ambako walikuta njaa imewaua walowezi wengi na kubakisha watu kama 60 tu. Vyakula vilivyotoka Bermuda ndani ya vyombo vya mtarakwa vilikuwa faraja kubwa kwa watu hao.

Waingereza wakarudi Bermuda mwaka 1612 kufanya maskani, chini ya gavana wa kwanza, Richard Moore, ambaye kazi yake ya asili ilikuwa useremala. Tangu hapo mtarakwa ukawa nguzo ya maisha. Nyumba zilijengwa kwa mbao zake. Milango, vitanda, masanduku na meza vilikuwa vya mtarakwa. Vijitunda vyake vilitiwa katika vinywaji. Na mtu alipokufa alizikwa katika jeneza la mti uo huo. Watu waliukata kwa pupa kiasi kwamba katika karne hiyo hiyo ya 17 wakuu walilazimika kutoa amri za kuzuia ukataji ovyo na upelekaji wa mbao ng'ambo. Akiba haiozi, na watu wa kisiwa kidogo huliona hilo mapema kuliko watu wa bara, kwa kuwa mwisho wa msitu wao wauona kwa macho.

Mwaka 1684 kampuni iliyotawala visiwa ilivunjwa. Wenyeji, ambao walikuwa wamelazimishwa kulima tumbaku isiyokuwa na faida kubwa, waliugeukia mti wao na bahari yao. Wakaunda majahazi mepesi ya mlingoti mmoja ambayo sifa zake zilienea Atlantiki nzima. Mbao za mtarakwa zilikuwa nyepesi, hazikuhitaji kukaushwa muda mrefu kabla ya kutumiwa, tena zilivumilia maji na wadudu wa baharini watoboao vyombo. Jahazi la Bermuda lilikuwa na mbio, na wafanyabiashara, wanamaji, hata maharamia walilitamani. Watu wakaanza kuitunza mitarakwa na kuipanda upya kama mtu apandavyo minazi, kwa ajili ya mjukuu.

Hapa hatuna budi kusema jambo ambalo wasifu wa majahazi hayo mara nyingi hulipita upesi. Wengi wa mafundi walioyaunda na mabaharia waliyoyaendesha walikuwa watumwa, wengi wao wenye asili ya Afrika. Mikono yao ndiyo iliyopasua mbao, na elimu yao ya upepo ndiyo iliyoyafikisha majahazi bandarini, ilhali faida ilikwenda kwa wengine. Uhuru wao haukuja mpaka mwaka 1834. Basi mtu aisifupo mbao laini ya mtarakwa wa Bermuda, na amkumbuke aliyeilainisha.

Je, wanachuoni waliuweka wapi mti huu? Katika mwaka 1753 mtaalamu wa Uswidi, Carl Linnaeus, alitoa kitabu chake kikubwa cha kuorodhesha mimea yote iliyojulikana kwake. Kila mmea aliupa jina la maneno mawili ya Kilatini: la kwanza la jamii, la pili la jinsi yenyewe, mfano wa mtu na ukoo wake. Linnaeus hakufika Bermuda. Alitegemea maandishi ya waliomtangulia na mimea iliyokaushwa. Hata hivyo hakudanganywa na harufu ya mbao. Aliutia mti huu katika jamii ya mitarakwa na kuuita Juniperus bermudiana. Katika kitabu kicho hicho aliupa ndugu yake wa bara la Marekani Kaskazini jina la Juniperus virginiana. Tangu hapo mwanachuoni wa nchi yoyote, awe anasema Kichina au Kiswahili, alijua ni mti gani unaotajwa.

Lakini kuutia mti katika jamii ni mwanzo tu wa kazi. Jamii ya mitarakwa ni kubwa, na hesabu yake hutofautiana kwa kadiri ya anayehesabu: wengine hutaja jinsi 50 na zaidi kidogo, wengine huzidisha 70. Jamii hiyo imegawanyika katika milango, kama vile ukoo wa watu ulivyo na milango yake. Katika mlango wa kwanza majani ya mti mzima huwa sindano kali, zimekaa tatu tatu. Katika mlango wa pili mti mchanga huwa na sindano, lakini ukisha kukua majani yake huwa magamba madogo yaliyolala juu ya kijitawi kama magamba ya samaki. Mlango wa tatu una jinsi moja tu, ya nchi za mashariki ya Bahari ya Mediterania. Mtarakwa wa Bermuda ni wa mlango wa magamba. Na mtarakwa wetu wa Kenya je? Nao ni wa mlango huo huo. Ukienda milima ya Aberdare au Mlima Kenya, chuma kijitawi cha mtarakwa mzima ukitazame, nawe utayaona magamba hayo hayo. Mti wetu huo uliandikwa na wanachuoni katika miaka ya 1840, kutokana na mimea iliyokusanywa Ethiopia, ukaitwa Juniperus procera. Katika mitarakwa yote ya dunia, huu peke yake ndio uliovuka ikweta kwa asili yake na kuota kusini.

Visiwa vingine vya Atlantiki vina mitarakwa ya mlango wa sindano. Visiwa vya Azores vina mmoja ambao hauoti penginepo kwa asili. Visiwa vya Kanari vina mwingine, ulioandikwa na Philip Barker Webb na Sabin Berthelot katika miaka ya 1840. Wao waliuita Juniperus cedrus, na hivyo kosa la kale la kuufananisha na mwerezi likaingia hata ndani ya Kilatini. Katika kisiwa cha Tenerife mitarakwa mizee ya jinsi hiyo imeshikilia majabali ya mlima Teide, mahali ambapo shoka halikufika kwa urahisi, na baadhi yake ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mtarakwa wa Madeira umewasumbua wanachuoni zaidi. Mti huo ulikatwa sana tangu Wareno walipofanya maskani katika karne ya 15, na dari ya kanisa kuu la Funchal ni ya mbao zake. Wengine waliuhesabu kuwa tawi la mtarakwa wa nchi za Mediterania. Wengine wakasema ni tawi la ule wa Kanari. Na baada ya kupima chembe za urithi, mtaalamu wa Marekani Robert Adams aliutenga kuwa jinsi yake yenyewe. Mti ni ule ule, umesimama mahali pale pale. Kilichobadilika ni elimu yetu.

Labda utauliza, msomaji, kama mabishano haya yana faida gani, maana mti hauzidi wala haupungui kwa jina. Jibu limo katika msiba ulioipata Bermuda.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baada yake, meli nyingi zilitia nanga Bermuda. Katika miaka ya 1940 waliingia kutoka bara wadudu gamba wa jinsi mbili. Ni wadudu wadogo kuliko kichwa cha pini. Hujibandika juu ya majani, wakajifunika kwa gamba, wakafyonza utomvu wa mti. Huko bara mitarakwa ilikuwa imewazoea tangu zama, na adui za wadudu hao waliwapunguza. Mtarakwa wa Bermuda ulikuwa umeishi kisiwani peke yake bila adui wa namna hiyo, nao haukuwa na kinga. Majani yakawa mekundu, kisha miti ikakauka ikisimama. Katika muda wa miaka kama 10 zaidi ya mitarakwa 9 katika kila 10 ilikufa. Vilima vilivyokuwa kijani tangu kabla ya binadamu viligeuka kuwa safu za miti mikavu ya rangi ya kijivu kama mifupa.

Watu hawakukaa kitako. Walileta mbawakawa wadogo wenye madoa ambao hula wadudu gamba. Lakini visiwani mlikuwamo tayari mijusi iliyoletwa mwaka 1905 ili ile nzi wa matunda, na sasa mijusi hiyo ikawala mbawakawa. Mwaka 1957 wakaletwa ndege wa manjano kutoka Trinidad ili wale mijusi. Ndege wakazaana sana, wakala kila kilichowapendeza, na mijusi ikabaki. Hivyo kila dawa ikazaa ugonjwa wake, na mitarakwa haikupona.

Kwa kuwa upepo wa bahari sasa ulipita bila kizuizi, watu wakapanda miti ya kukinga upepo, na mti waliouchagua zaidi ulikuwa mvinje. Sisi wa Afrika ya Mashariki twaujua mvinje. Pwani yetu hupandwa kwa boriti na kuni, na katika machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa, ndio ulioanza kurudisha uhai juu ya mawe matupu tangu mwaka 1971, kwa juhudi ya René Haller. Mti huo huo ulipofika Bermuda ulienea kupita kiasi. Majani yake yaliyoanguka yalifunika udongo hata mimea ya asili isiote, na mizizi yake ya juu juu iling'oka katika tufani. Tusiseme basi kwamba mvinje ni mti mwema au mti mbaya. Wema wa mti wategemea mahali ulipo na jirani zake.

Tena watu wengine walileta mtarakwa wa bara, ule wa Virginia, wakidhani kwamba mtarakwa ni mtarakwa. Hapa ndipo faida ya kuainisha inapoonekana wazi. Kama mti wa Bermuda ungekuwa ni ule wa Virginia katika nchi nyingine, hasara ingelipika kwa kuleta mbegu. Lakini sivyo. Ni jinsi yake yenyewe, haimo katika nchi nyingine kwa asili, na ikipotea hapo imepotea duniani. Tena ndugu wakaribianapo hupandana. Mwaka 2008 Robert Adams na David Wingate walionyesha kwamba miti hiyo miwili imekwisha kuchanganya uzazi huko Bermuda. Kwa hiyo mtarakwa wa kisiwa una hatari mbili: kufa kwa wadudu, na kuyeyuka ndani ya damu ya mgeni.

David Wingate huyu ana habari ya kutia moyo. Mwaka 1951, alipokuwa kijana wa shule, alikuwapo pale wataalamu walipomgundua tena ndege wa baharini aitwaye kahau, ambaye kwa miaka zaidi ya 300 alidhaniwa amekwisha duniani. Ndege huyo wa Bermuda hulala na kutaga ndani ya mashimo ya ardhini. Mwaka 1962 Wingate alihamia kisiwa kidogo cha Nonsuch, ambacho kilikuwa kimebaki karibu kitupu kwa kufa kwa mitarakwa, akaanza kupanda miti ya asili mmoja mmoja, na mitarakwa miongoni mwake. Mbegu zilichumwa kwa miti michache iliyostahimili wadudu. Leo mtarakwa wa Bermuda ungali umehesabiwa katika miti iliyo katika hatari kubwa ya kutoweka. Lakini Nonsuch ina msitu tena, na kahau wametaga humo.

Wala tusidhani kwamba misiba hii ni ya visiwa vya mbali tu. Mwaka 1990 vidukari vigeni vya saipresi vilionekana Kenya, baada ya kuiharibu miti ya Malawi. Viliikausha misitu ya saipresi iliyopandwa, na mtarakwa wetu nao ukaguswa, kwa kuwa ni wa ukoo mmoja. Kwa miaka vidukari hivyo viliitwa kwa jina la jinsi nyingine ya Ulaya. Ilikuwa mwaka 1999 wataalamu walipovitambua kuwa ni jinsi mbali na kuvipa jina lake. Na jambo hilo lina uzito, kwani adui ambaye hujui kwao, hujui nani anayemla.

Kwa hiyo, msomaji, usiwacheke watu watumiao maisha yao kuhesabu magamba ya jani na kupima chembe za urithi ili waseme, “Huu ni huu, wala si ule.” Wao hufanya kwa miti kazi ambayo wazee wetu waliifanya kwa watu, kazi ya kuhifadhi nasaba. Mtu asiyejulikana nasaba yake akipotea hakuna anayemtafuta. Mtarakwa wa Bermuda ulijulikana, ukatafutwa, na ukapandwa tena. Siku utakapopita chini ya mtarakwa wa milima yetu, usiridhike kuuita mti tu.